Samaki wa Husseini

Kibiti,
Jumanne, baada ya Alasiri.

Kwako mdogo wangu mpenzi Swaumu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwanza nakuuliza hali yako, na hali ya mwanangu Maulida, na ya mama mkwe wako hapo Lindi, ambaye nasikia magoti yanamsumbua tangu Ramadhani. Je, Maulida bado anakataa uji, au amekua sasa na ameacha ukaidi wake? Sisi huku tupo, tunapumua, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Shemeji yako Yussuf anakusalimu sana. Bado anatengeneza milango pale karibu na stendi, na kikohozi chake cha vumbi la mbao ndicho kile kile. Mama yuko Mohoro. Maji ya mwaka huu yalimfika kizingitini yakarudi, na mpunga wa bondeni amevuna kidogo. Nimemsihi aje akae kwangu, amekataa katakata, anasema Kibiti hakuna samaki wa maana. Kila nikimpigia ananiuliza habari zako, nami namwambia u mzima, maana sina lingine la kumwambia.

Barua hii anakuletea Mashavu, binti wa shangazi, anayekuja huko kwenye arusi. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Najua utashangaa, mtu kuandikiwa barua siku hizi, lakini simu zetu hupokei, na ujumbe niliokutumia sioni kama umefunguliwa. Sikulaumu. Nakuomba tu uisome yote, hata utakapokuta jina la kaka yako Sadallah. Usiikunje hapo.

Sijasahau siku ile ulipomaliza eda ukaja hapa kwangu. Ulisimama mlangoni mwa chumba cha uani, mtoto mgongoni, ukamuuliza Sadallah alikuwa wapi wakati mumeo Husseini anakufa baharini. Alikujibu kwamba alikuwa kwenye boti, amepumzika, na kwamba walipomvuta Husseini alikuwa ameshakufa. Ukamwambia kuanzia siku ile huna kaka. Chai niliyokuwa nimekutilia ilibaki kikombeni. Nilikufuata mpaka barabarani, sikukupata.

Tangu siku hiyo Sadallah yuko chumba kile kile. Miguu haikurudi. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari na mwili wake, hata mkojo unatoka kwa mpira. Madaktari walikwisha kutueleza kwamba ni mapovu ya hewa yaliyoingia kwenye uti wa mgongo, ugonjwa wa wazamiaji, na kwamba ukishakaa hauna dawa. Lakini mikono na kifua ni vile vile. Ukimwona amejifunika shuka unaweza kudhani ni mtu aliyelala tu, ataamka akachukue taulo akaoge.

Labda hukupata habari ya tangi. Alipotoka hospitali aliniomba kitu kimoja, kwamba watu wa boti yao waruhusiwe kumletea samaki. Nilidhani anataka kitoweo. Kumbe ni wale samaki wa mapambo aliokuwa akiwakamata yeye na akina Husseini, wale wadogo wa rangi ambao wanunuzi huwapeleka nje ya nchi kuwekwa sebuleni kwa watu. Walimletea tangi la kioo na ndani yake samaki waliokataliwa: mmoja mkia umechanika, mwingine jicho moja, wengine wana kasoro ambazo mimi sizioni. Kulikuwa na wawili wa rangi ya machungwa, wazuri kupita kiasi, na waliobaki ni wa buluu, mkia wa manjano, si wakubwa kuliko dole gumba. Hao wa buluu Sadallah huwaita vichwa ngumu. Anasema ukiwanyima chakula wataishi, ukiwachafulia maji wataishi, na wao wenyewe kwa wenyewe wanapigana mchana kutwa kama wake wenza.

Mimi sikuwapenda, Swaumu, sikufichi. Nyumba ina mgonjwa, mimi nina vitumbua vyangu vya asubuhi, halafu naongezewa kazi ya kutafuta maji ya bahari. Na si maji yoyote. Pale gatini Nyamisati maji yamechanganyika na ya mto, yana tope la mikoko, na samaki hawa hawayataki. Inabidi kuwaomba vijana wa boti za Mafia watujazie madumu wakiwa mbali, kwenye maji ya buluu, kisha bodaboda atuletee. Lakini nilimwona Sadallah jinsi anavyowatazama. Tangi liko juu ya meza kando ya kitanda, usawa wa uso wake. Mtu ambaye hawezi kujigeuza bila kushikwa anahitaji kitu cha kutazama. Nikaendelea kubeba madumu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Kabla ya mwezi huu kuandama nilianza kukuta sakafu chini ya kitanda ina maji. Nikadhani mfuko wa mkojo unavuja. Nilikuwa nafuta bila kusema neno, nisimwaibishe. Na yeye kumbe ananiona nafuta na anadhani vile vile, anaona haya, anageuza uso ukutani. Tukakaa hivyo, kila mtu na haya yake, mpaka asubuhi moja akaona maji ya tangi yamepungua, akaniambia nionje. Nikamwona amerukwa na akili. Akasema kwa ukali, “Dada Waride, onja hayo maji, mkojo wangu hauna chumvi ya namna hiyo!” Nikachovya kidole. Chumvi ya bahari. Tulicheka, Swaumu, tulicheka hadi Yussuf akaja kuchungulia. Nadhani ndiyo mara ya mwisho kucheka katika nyumba hii.

Tangi lilikuwa limeachia kwenye gundi, pembe ya chini. Sadallah alitaka tangi jipya litengenezwe hapa hapa. Tukamwita Maneno, fundi wa madirisha ya aluminiamu, akasema yeye hutengeneza makabati ya vioo ya maduka, tangi la maji hajawahi, ila atajaribu. Sadallah alimwelekeza akiwa kitandani: kioo kinene, gundi ijae pembeni, kisha likae mpaka harufu ya siki ya gundi iishe kabisa, maana ile harufu ndiyo sumu. Maneno akawa anaitikia, na kila akitoka nje ananiuliza mimi kama mgonjwa anajua anachosema.

Wakati tangi likikauka uani, samaki waliwekwa kwenye beseni langu kubwa la kufulia, juu ya kigoda kando ya kitanda, na pampu ndogo ya umeme ikiwapulizia hewa. Nami nilikuwa nafua kwenye ndoo. Siku moja nikalalamika. Nikasema samaki wenyewe vilema, hawaliwi, hawauzwi, kwa nini tusimpe mtu awarudishe baharini tukapumzika.  Sadallah akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wale wa buluu walikamatwa na Husseini. Walikuwa kwenye ndoo ya Husseini siku ile ile. Watu wa boti walipotaka kuwauza hivyo hivyo na kasoro zao, pamoja na wengine, yeye akiwa hospitali, hajui kama atapona, alituma ujumbe wasiguswe.

 Toka hapo nikaacha kulalamika juu ya beseni.

Tangi likawa tayari, harufu ikaisha, tukaagiza maji. Bodaboda akaleta madumu yamejaa. Sadallah akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema haya ni ya gatini, haya ni ya mto, ukiwatia humu wanakufa mbele ya macho yetu. Yule kijana aliapa kwamba ni ya mbali. Lakini Sadallah hadanganywi kwa maji. Na maji ya beseni yalikuwa yameanza kuwa mazito, yana harufu. Ikabidi niende Nyamisati mwenyewe. Yussuf alikuwa amekwenda Nyamwage kupeleka mlango. Nikamgeuza Sadallah ubavu wa kulia, nikamwekea maji ya kunywa, nikamwomba jirani amchungulie.

Nyamisati nikakuta boti imechelewa. Nikakaa pale gatini na madumu yangu matupu, jua linanipiga. Boti ilipofika kijana mmoja alinitendea wema, akanipa maji yake aliyokuwa amemchotea mtu mwingine. Nilirudi nimechoka lakini nimefurahi, najiona nimeshinda.

Kumbe nilipoondoka tu umeme ulikatika Kibiti nzima. Pampu ikazima. Samaki wale wamezoea bahari, Swaumu, hewa ikikosekana majini hawadumu. Sadallah akawaona wanapanda juu kuhema. Akaita, jirani hakusikia. Akajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akachukua kile kikombe cha maji ya kunywa, akawa anachota maji ya beseni na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Asubuhi yote na mchana. Nilipoingia nilimkuta amelala ubavu ule ule niliomwachia, uso umemwiva, na bado anachota. Hakuniuliza nimechelewa wapi. Aliniambia tu wale wa machungwa wamekufa wote wawili, ila vichwa ngumu wapo.

Nilitaka kumgeuza kwanza. Akakataa. Akasema samaki kwanza, hawana muda. Ikawa yeye ananiamuru nami nafanya, mikono yangu haina ustadi, na yeye macho yanamtoka kwa kutamani kufanya mwenyewe. Nijaze tangi. Sasa nitie kikombe kimoja cha maji mapya kwenye beseni, nisubiri. Kingine, nisubiri. Wasishtuke. Nikimwaga haraka anapiga godoro kwa kiganja. Hatimaye nikawateka mmoja mmoja kwa chujio la chai, nikawaachia ndani ya tangi la Maneno. Walizama wote. Walilala chini ubavu, rangi imefifia, wanahema kidogo. Nikajua tumewaua.  Tukakaa tunawatazama, wala hapakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama. Kisha mmoja, yule wa mkia uliochanika, akajinyoosha, akapanda katikati ya maji, akamfukuza mwenzake. Baada ya yule wakapanda wengine. Hakuna hata mmoja wa buluu aliyekufa. Sadallah alifumba macho akasema alhamdulillah, machozi yakamtoka.

Hapo ndipo nilipomgeuza, nikakuta shuka limelowa damu. Kidonda alichokipata nyongani kwa kulala mno, ambacho tulikuwa tumekiuguza mpaka kikakaribia kufunga, kilikuwa kimefumuka. Yeye hakusikia maumivu yoyote, maana upande ule hausikii kitu. Alikuwa amejiegemeza juu yake siku nzima.

Homa ilianza. Tulimpeleka hospitali hapa, wakatuandikia twende Dar, tukaenda. Walimchunguza, wakatuambia uozo umeingia kwenye mfupa na sasa unatembea na damu. Walimtilia dawa mishipani. Waliongelea kumpasua, kisha wakasema mwili hauna nguvu ya kustahimili kisu. Sadallah aliomba arudishwe. Yuko hapa sasa. Nesi Sihaba, yule mwenyeji wa Mbwara, anapita kila siku akitoka kazini kumsafisha kidonda, Mungu amlipe. Juzi alinitoa uani akanishika mkono, akaniambia kama kuna ndugu wa kuitwa, waitwe. Mama nimemwambia, Yussuf atamfuata kesho Mohoro. Umebaki wewe.

Swaumu, nisingekuandikia haya tu. Najua ungeweza kusoma kwamba Sadallah anakufa ukasema Mungu amsamehe, basi. Kuna jambo ambalo nililisikia wiki iliyopita.

Ilikuwa mchana, homa imempanda, nami nampangusa kwa kitambaa cha maji. Akaanza kusema na Husseini. Alimwambia, “Vuta, vuta, usinirudishie.” Alirudia mara nyingi, huku mkono wake unasukuma kitu kwenye uso wa mtu asiyeonekana. Homa ilipopungua nikamuuliza Husseini alikuwa anamrudishia nini. Alikataa kusema. Nikamwambia mimi ni dada yake mkubwa, nimemwosha kama mtoto, asinifiche. Akaniapisha nisikwambie. Nikaapa. Na leo navunja kiapo changu, nitafunga kafara yake.

Siku ile Sadallah hakukaa kwenye boti. Ni kweli alikuwa ametoka majini kupumzika, na alikuwa amekatazwa kurudi kwa sababu alishazamia kupita kiasi. Abdulatifu, yule aliyekuwa akiangalia mashine ya hewa, alivuta kamba ya Husseini, kamba haikujibu. Sadallah akachukua kisu, akajitosa. Alimkuta Husseini mguu umenaswa na wavu wa zamani uliokwama kwenye matumbawe, na mpira wake wa hewa umejikunja, unampa hewa ya kudonoa. Swaumu, alikuwa hai. Alimwona Sadallah akamtambua. Sadallah akawa anavuta pumzi kwenye mpira wake mwenyewe, kisha anampa Husseini avute, huku anakata wavu. Kila akikata huku, kule kunakaza. Ulikuwa muda mrefu. Mwishoni Husseini akipewa mpira anaurudisha. Sadallah alimsukumizia mdomoni, akaurudisha tena, akamshika mkono.

Wavu ulipoachia, Sadallah alipanda naye moja kwa moja mpaka juu. Wazamiaji hawapandi hivyo, husimama njiani mwili uzoee, na yeye alijua vizuri kinachompata asiyesimama. Alisema mkono wa Husseini ulikuwa bado umemshika, ndiyo maana hakusimama. Ulilegea walipokuwa wanauona mwanga wa juu.

Usiku ule miguu yake ikafa.

Nilimuuliza kwa nini basi alikuacha umchukie. Alinijibu kwamba wewe ulikuwa na mtoto mchanga unamnyonyesha. Akasema akikwambia alikwenda, itabidi akwambie alimkuta hai, na ukishajua alimkuta hai utaanza kuhesabu alisubiri kiasi gani mle chini peke yake, na hutalala tena maishani. Akaona afadhali uamini mumeo alikufa mara moja, hakusikia kitu, na kaka yako ni mwoga. Abdulatifu naye, Sadallah alimwomba anyamaze, akanyamaza, yuko Kilwa siku hizi.

Nimekwambia, na sijui kama nimefanya vyema. Huenda nimekuwekea mzigo ambao Sadallah aliubeba peke yake ili wewe usiubebe. Nimeswali, nimemuuliza Yussuf, Yussuf akasema hajui. Mimi pia sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kumponya, siwezi kumwondolea homa, siwezi hata kumpa maji bila kumpalia. Hili tu ndilo niliona mikono yangu inaweza.

Ukiweza kuja, njoo na Maulida. Ukifika, usimwambie nimekuandikia. Usimlilie wala usimwombe msamaha, atajua. Kaa naye tu. Na kama atarudia kukwambia kwamba siku ile alikuwa kwenye boti, amepumzika, basi mdogo wangu, mkubalie.

Nisalimie mama mkwe wako na majirani wote wanaonijua. Mbusu Maulida, mwambie mama yake mkubwa amemwekea kitenge. Mashavu atakaa huko mpaka arusi iishe, ukitaka kunijibu mpe yeye, lakini ningependa zaidi nikusikie wewe mwenyewe ukibisha hodi.

Wassalaam.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Waride